CD ya Lori Ina Mwenyewe

Wambui, mama yangu,

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna mtu amenisaidia. Shule niliacha darasa la nne, hilo unalijua, lakini katika Kenyatta Market yote hakuna mtu wa kunishinda kusoma mteja. Kwa hivyo ukikuta herufi imeruka mahali, ruka nayo uendelee. Niko hapa kibandani, jua linashuka, upande wa pili mama yako anamalizia kusuka mteja wake wa mwisho, na moshi wa nyama umeingia mpaka kwa karatasi. Kesho unahamia Kileleshwa. Maneno ya gesi na kufunga mlango na kula vizuri, hayo mama yako amekwambia wiki nzima. Mimi nina maneno yangu.

La kwanza ni kwamba hiyo kazi yako siiamini. Nilisema juzi mezani, ukabeba sahani yako ukaenda jikoni. Sasa nasema kwa karatasi, kwa sababu karatasi haiwezi kubeba sahani.

Wewe ulinieleza vizuri, sikatai. Ulisema mteja anatuma kredo ya simu, gemu inashuka kutoka hewani inaingia kwa simu yake, na kampuni yenu inapata chake bila duka, bila kabati, bila vumbi. Nikakuuliza akichoka nayo atamuuzia nani. Ukasema haiuzwi tena. Nikakuuliza akibadilisha simu. Ukasema hapo atanunua tena. Nikakuuliza sasa huyu mtu amenunua nini. Ukasema, "Amenunua ruhusa ya kucheza, Baba." Ruhusa. Mimi nimeuza mbuzi Dagoretti tangu sijaota ndevu, na sijawahi kumuuzia mtu ruhusa ya kuangalia mbuzi. Mtu aliondoka na kamba mkononi, na mbuzi anamfuata nyuma. Kama hakumpenda, soko lilikuwa lipo, angemrudisha auze.

Unajua kwa nini nalishika jambo hili kama kupe? Ni kwa sababu naona linafanana na wewe. Hiyo nyumba ya Kileleshwa umesema ina kila kitu ndani, kitanda, viti, hata vijiko, na vyote ni vya mwenye nyumba. Kitanda chako cha nyumbani umempa Njeri wa shangazi yako. Nguo za zamani umegawa. Jana niliingia chumbani kwako nikatafuta kitu kimoja tu umekiacha, sikuona hata kitana. Mtu anayerudi huacha kitu. Mimi ni mtu wa kushuku, na nimeshuku.

Sasa wacha nikukumbushe kibanda hiki kilitoka wapi, kwa sababu siku hizi unakiita "ka-duka ka Baba" mbele ya marafiki zako. Hapa zamani kulikuwa na wasusi tu na watu wa nyama. Mwanamke anakaa kwa kiti tangu asubuhi mpaka jioni akisukwa, na mtoto wake analia pembeni, anavuta nywele za watu, anamwaga mafuta. Kila mtu aliona hiyo shida. Mimi peke yangu ndiye niliona biashara. Niliuza mbuzi wangu wa mwisho nikaleta televisheni na mashine ya gemu, na soko zima likanicheka, wakisema mzee wa mbuzi amerudi utotoni. Baada ya mwezi watoto walikuwa wanawaomba mama zao wasukwe tena. Hao waliocheka walikuja kuniuliza mashine nilitoa wapi. Sikuwaambia.

Halafu nikaanza kununua na kuuza CD zilizotumika. Orijino mpya mjini ilikuwa bei ya mbuzi mzima, nani angeweza? Na zile nakala za kuchomwa za River Road zilikuwa rahisi, lakini unafika nusu ya gemu inakwama, na ukirudi aliyekuuzia amehama. Nikasema mimi nitauza orijino zilizotumika, kwa bei ambayo karani anaweza, na ukiimaliza unaniletea nikubadilishie nyingine. Nilijua kuiosha kwa sabuni ya vyombo, unafuta kutoka kwa shimo kwenda nje, hufuti kwa kuzungusha. Hiyo nilijifunza mwenyewe, na mafuta ya nyama kwenye vidole vya wateja wangu ndiyo yaliyonifundisha.

Na ile alama yangu. Mbuzi tulimjua kwa alama ya sikioni, kwa hivyo nikapasha sindano moto nikatia kila CD nukta tatu, ili siku moja mtu asije akasema nimemuuzia ambayo sikumuuzia. Zile za kwanza nilichoma pale panapong'aa. Kumbe pale ndipo gemu yenyewe inakaa. Niliua CD nzuri rundo zima asubuhi moja, na nikasema mashine ndiyo mbovu, nikabishana na fundi wa mashine mpaka akaenda. Baadaye nikahamia kwa ile plastiki nyeupe karibu na shimo, ambapo hakuna kitu. Hakuna mwingine Nairobi aliyefikiria alama kama hiyo.

Halafu mtihani wangu wa wezi. Hapo ndipo jina langu lilipotoka. Mtu akija kuuza, simuulizi risiti, risiti inaandikwa na yeyote. Nampa padi ya kuchezea mkononi, namwambia, "Cheza tuone." Kama gemu ni yako, vidole vinaijua. Mwizi hajui hata kubonyeza ianze. Niliwakamata wengi kwa mtihani huo, na vijana wa hapa mpaka leo wakikutana wanasalimiana hivyo.

Wewe pia nilikupa mtihani huo. Unakumbuka.

Ile gemu ya lori la magogo ililetwa na mteja wa mama yako aliyekuwa anasafiri kwenda kuishi ng'ambo. Orijino, na jalada lake, na kile kitabu kidogo ndani. Alikupa wewe mkononi, si mimi. Uliicheza kila ukitoka shule, lori linashuka mlimani, linavuka mto, limejaa magogo, na wewe ulimi uko nje. Halafu siku moja ukaja na sare yako ya shule, ukasimama upande wa wateja, si upande wetu. Ukaweka CD juu ya meza. Ukasema, "Mzee, unanunua?"

Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu ana damu ya biashara. Nikakufanyia kama ninavyofanyia kila mtu. Nikakupa padi, ukacheza, nikaona kweli ni yako. Nikaigeuza kwa mwanga nikakuonyesha mkwaruzo karibu na ukingo, nikashusha bei. Ukapandisha kidogo. Nikashusha tena. Ukakubali. Nikatia nukta zangu tatu mbele yako, nikaiweka kwenye kabati, na kesho yake nikaiuza kwa yule Singh wa Kileleshwa aliyekuja na vijana wake wawili.

Uliporudi ukaangalia kabati. Nikakwambia imeenda. Hukulia. Ulisema, "Si ulinunua? Ni yako." Basi.

Usiku ule mama yako aliniambia mtoto alitaka tu kuona kama nitakataa. Nikamjibu kama alitaka nikatae angesema. Na mpaka leo nasema hivyo, bei ilikuwa ya haki. Lakini tangu siku hiyo sijakuona ukishika kitu ukasema ni chako. Baiskeli ulikodi. Vitabu uliazima. Gemu ulicheza hapa za wateja, ukimaliza unarudisha kwenye kabati bila kuambiwa. Na sasa umeenda kufanya kazi kwa watu wanaouza ruhusa. Sisemi vitu hivyo vimeshikana. Nasema nimeviona.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukijui, kwa sababu mwezi uliopita ulikuwa kwenye yale mafunzo ya kampuni.

Alikuja hapa mwanamke anaitwa Nekesa, amebeba katoni. Ndani CD orijino zimejaa, na majalada yake. Nilimuangalia viatu, nikaangalia katoni, nikaona havilingani. Nikauliza ametoa wapi. Akasema amefanya kazi ya nyumba Kileleshwa miaka mingi, na mwajiri amempa zawadi. Nikampa padi. Akasema yeye hajui, walikuwa wanacheza watoto. Wewe unanijua. Nilisema maneno, na nilisema kwa sauti, na wasusi wote wakasikia. Nilimwita mwizi.

Hakukimbia. Mwizi hukimbia, na hilo lilinisumbua kidogo. Alikaa juu ya katoni yake akasema, "Mzee, twende ukamuulize."

Basi nikachukua CD moja moja nikitafuta sababu ya kutokwenda, na katikati ya katoni nikakuta lori. Jalada limepauka, lakini kitabu kidogo bado kiko ndani. Nikaigeuza kwa mwanga. Nukta tatu.

Tulienda kwa miguu, mimi na yeye, na katoni kwa bega langu, kwa sababu sikumwamini kuibeba. Bawabu alinizuia getini, akaniuliza nimeleta nini, nikamwambia niulize ninarudisha nini. Singh akashuka na sandali. Amezeeka, lakini kilemba bado kimefungwa sawasawa. Alinikumbuka, na si ajabu, watu hunikumbuka. Nikamuuliza kuhusu katoni. Akamwangalia Nekesa, akaniangalia mimi, na nadhani alielewa yote.

"Nilimpa," akasema. "Ni zake. Wewe ulifikiria nini?"

Nikamuuliza mtu anatoaje mali kama hii. Akaniambia vijana wake hawataki tena CD, tangu ile waya ya intaneti ya baharini ifike wananunua humo. Akacheka, akasema mkubwa alikuwa amenunua gemu nyingi huko, halafu akasahau neno lake la siri, na barua pepe aliyofungulia imefungwa, na zote zimebaki huko ndani mahali asipofika. Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Nilikufikiria wewe na kampuni yako.

Njiani kurudi Nekesa alitembea mbele yangu. Tulipofika nikamnunulia soda, akanywa yote polepole, kila mtu akimwangalia, na mimi nilisimama hapo mpaka akamaliza. Nikamwambia nitanunua katoni yote. Akaanza kutoa moja moja. Nilipoona lori nikasema hii isichanganywe na nyingine, hii ilikuwa ya binti yangu.

Akaishika. Halafu akachukua padi kwenye meza akaninyooshea.

"Ya binti yako? Cheza tuone."

Wambui, wasusi waliacha nywele za watu zikining'inia. Yule wa nyama alitoka na kisu chake mkononi. Miaka hii yote nimeuza gemu, nimeziosha, nimezitia alama, na sijawahi kucheza hata moja, na hilo nilikuwa nimelificha vizuri. Nilishika padi juu chini. Lori likatoka, likapita barabara, likaingia mtoni na magogo yote. Nikajaribu tena, likaingia tena. Mama yako alicheka mpaka akashikilia kichwa cha mteja asianguke.

Nilidhani Nekesa atacheka halafu aende na CD. Hakucheka. Aliitia kwa jalada lake, akaniwekea mezani. Akasema, "Nakuachia. Nikirudi Jumamosi ukivuka huo mto, ni yako. Usiiuze."

Asubuhi nilikuwa nimemwita mwizi, na jioni ameniachia mali yake bila karatasi, bila shahidi. Mimi nisingefanya hivyo. Nilikaa nikitafuta ujanja wake uko wapi, na mpaka leo sijaupata, na bado natafuta.

Sasa unajua kwa nini siku ile ulipopita hapa kutoka mafunzo ulikuta mlango wa kibanda umefungwa mchana, na mama yako akakwambia nimelala. Ulimuuliza kama mimi ni mgonjwa. Nilikusikia. Nilikuwa ndani, sauti ya televisheni nimeizima, lori liko katikati ya mto. Nilicheza kila siku saa ya chakula. Vidole vyangu ni vya kamba za mbuzi, havikutaka, nikavilazimisha. Na nilijua vitu ambavyo sikuwahi kujua nikikuangalia kutoka nyuma. Nilijua kwamba ukikimbia unazama. Unaingia mtoni taratibu, unasikiliza injini, ikianza kulia unaachilia kidogo. Wewe ulijua hilo ukiwa na meno ya utoto. Hukuniambia, na mimi sikuuliza.

Jambo lingine. Ule mkwaruzo niliokuonyesha siku ile, uko palepale. Nilingoja gemu ikwame kwa sababu yake, wiki nzima nilingoja. Haikukwama hata mara moja.

Jumamosi Nekesa alikuja, na soko lote lilikuwa limejipanga. Nilivuka. Si mto wa kwanza tu, nilimaliza steji ya kwanza, na ya pili nikaongeza bila kuombwa, ili wasiseme ni bahati. Akasema haya, ni yako. Nikamuuliza bei. Akataja. Nikalipa. Sikugeuza CD kwa mwanga, sikutafuta mkwaruzo, sikupunguza hata shilingi. Mama yako aliona, alishangaa kuliko siku ile nilipoleta televisheni.

Basi, mama, hayo ndiyo yangu. Kuhusu kampuni yako sijabadilisha mawazo. Wakikwambia umuuzie mtu, muulize mkubwa wako kitu kile kitakuwa wapi mteja akipoteza simu, na akicheka, wewe usicheke, angalia meno yake. Lakini kuna jambo nimelifikiria kwenye ule mchezo wa mto. Nimeshuku watu maisha yangu yote ili nisidanganywe kwa kitu. Vitu sijadanganywa. Watu ndio sina hakika. Nekesa nilimkosea, na kama kuna mwingine niliyemkosea nikibishana juu ya bei, yeye anajijua, na asimame upande wetu wa meza siku akitaka.

CD ya lori sikupi uende nayo. Huko Kileleshwa hamna mashine, na hata ingekuwepo nisingekupa. Iko kabatini, juu, mahali ilipokuwa ile siku, na nimeibandika karatasi nimeandika IMEUZWA. Vijana wanaiulizia kwa sababu siku hizi orijino kama hiyo haionekani. Kijana mmoja wa Dagoretti Corner alitaka kuichukua kwa bei ambayo zamani ningeruka kwa furaha. Nimewaambia wote, ina mwenyewe. Wakiuliza ni nani, nasema ni mtu ambaye akija hatapewa padi kujaribiwa.

Ukiwa na kitu hapa, hujahama. Umetoka tu. Hivyo ndivyo mimi ninavyohesabu, na hakuna wa kuniambia vingine.

Na sasa nina shida moja, ya kweli. Nimefika steji ya nne. Kuna daraja la mbao, na mvua inanyesha, na kila nikiingia tairi linaanguka upande wa kushoto na magogo yanakwenda. Najua wewe ulilivuka, nilikuona, nilikuwa nyuma yako nikiosha CD za watu. Mama yako anasema nikupigie unieleze. Sitaki kuelezwa kwa simu. Vitu vya simu siviamini, nimeshasema.

Njoo Jumapili moja, yoyote, unionyeshe. Mashine inakumbuka mahali nilipofika. Lori liko pale kabla ya daraja, limejaa magogo, na mimi sivuki.

Ni mimi baba yako,
Njuguna wa gemu, Kenyatta Market